Sentimita nne zilizozidi: vile nilijenga bodi ya lori ya kazi hapa Nairobi

Kazi yangu ni pampu za visima, vile virefu vya kuchimbwa na mashine. Pampu ikiungua huko chini mita 180 mwenye boma anakupigia asubuhi akiwa na wasiwasi, manake tangi limekauka na ana wapangaji ama ng'ombe, na sisi tunabeba jenereta, chenibloku, kebo, spana za bomba za kila saizi tunaenda kuvuta mabomba moja moja mpaka pampu itoke. Miaka mingi tulikua tunafanya hii kazi na Isuzu FRR yenye bodi ya kawaida, ile wazi ya kubeba mchanga na mawe, na kila kitu kinatupwa nyuma chini ya turubai. Ukitaka soketi ya 19 unapanda juu unaanza kufukua. Mvua ikinyesha kebo inalala kwa maji. Jam ya jioni ikikukamata Jogoo Road kuna mtu atapanda nyuma kimya kimya na atashuka na spana yako, na hiyo spana utaiona tena Gikomba ikiuzwa.

Ndio nikaamua natoa hiyo bodi, najenga ingine ya kazi, yenye makabati ya chuma pande zote mbili, kila kabati na mlango wake na kufuli yake, katikati nafasi ya jenereta na kebo, juu reki ya mabomba. Mabomba yetu ni ya futi 20 na bodi yenyewe ni ya futi 18, kwa hivyo zamani yalikua yanatokeza nyuma na tunafunga kitambaa chekundu, sasa nikataka yapite juu ya kichwa cha gari yakae sawa. Nilikua nimeangalia picha za lori za mafundi wa stima wa Marekani karibu miezi mitatu, usiku watoto wakishalala, na nilikua nimezipenda sana.

Hapo ndipo hadithi ya upana inaanzia. Michoro ya Marekani iko kwa inchi na sheria yao ya upana kwa barabara kubwa ni inchi 102, hiyo ni kama mita 2.59, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Ulaya wao ni mita 2.55, na lori za friji wameongezewa kidogo zifike 2.60 kwa sababu kuta zao ni nene. Japan ambako hizi gari zetu nyingi zinatoka ni 2.50. Huku kwetu ukisoma ile sheria ya jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari, ya mwaka 2013, upana mwisho ni mita 2.65. Mimi nikaona hiyo ni nafasi kubwa kushinda ya hao wengine wote na nikafurahi. Hesabu yangu ilikua rahisi: shiti ya chuma inauzwa futi 8 kwa 4, futi 8 ni mita 2.44, na ndio maana bodi nyingi za saizi hii zinazojengwa Kariobangi zina upana huo, fundi hataki kukata wala kuunga shiti. Nikasema sakafu ibaki hiyo 2.44, halafu makabati yatokeze nje sentimita 8 kila upande. Jumla 2.60. Inabaki sentimita 5 nzima chini ya sheria, sasa hapo shida iko wapi.

Garage niliyoenda iko Kariobangi Light Industries, sitataja jina manake yule fundi ni mtu mzuri na mpaka leo namheshimu. Mkono wake kwa kuweldi ni wa ajabu, ukipitisha kidole kwa mshono wake hausikii mahali chuma kimoja kimeisha na kingine kimeanza. Nilimpatia mchoro, nikamwambia, "Fundi, hii kitu isipite mita mbili sitini na tano, hata ufanye nini." Akaniambia, "Hakuna shida mkubwa, hii itakua mbili sitini." Na kweli alijenga mbili sitini. Alipima shiti kwa shiti, kuta kwa kuta, na tepu ilisema 260 bila hata milimita moja ya uongo.

Nieleze kidogo vile alishikisha bodi kwa chasisi, juu nimeona watu wakiharibu gari hapo. Bodi haikuweldiwa kwa chasisi. Alitengeneza fremu ya chini ya chaneli, akaweka mbao ngumu katikati ya fremu na chasisi ili chuma kisisagane na chuma, halafu akafunga na yu-bolti, na hakuna tundu hata moja alitoboa juu ama chini ya ile reli ya chasisi. Kabla ya kuweldi chochote kikiwa juu ya gari alitoa waya za betri zote mbili. Ukiona fundi anaanza kuchomelea na betri bado imefungwa, mwambie asimame. Kompyuta ya gari ikikufa utajua bei yake.

Wiki ya tatu nikaenda nikapata imemalizika, imepigwa praima ya kijivu, na fundi amesimama kando anatabasamu. Alikua ameniongezea zawadi. Kando ya makabati, pande zote mbili, alikua ameweldi tyubu ya inchi moja kwa inchi moja inatoka mbele mpaka nyuma, ndio mkokoteni ukikwaruza unakwaruza tyubu haufiki kwa mlango. Alifanya kwa roho safi na hakuongeza hata shilingi. Na milango ilikua na zile hendeli za chuma za kuzungusha, zenye mkono mrefu, zimesimama nje ya mlango kabisa, nzuri za kushika hata ukiwa na glavu. Mimi nilizunguka hiyo lori mara tatu nikiguza kila kitu. Sikupima. Hiyo ndio sehemu inaniuma mpaka leo, nilikua na tepu ndani ya mfuko wa koti na sikuitoa.

Tukatoka nayo jioni kwenda kuijaribu, mimi nimeshika usukani na dereva wetu amekaa kando. Dereva wetu ni mzee, ameendesha trela za Malaba na Busia zaidi ya miaka ishirini kabla mgongo haujamwambia apumzike, sisi tunamuita Mzee tu. Tukaingia Outering kwa ile leni ya pembeni, foleni imesimama imetembea imesimama. Boda zinapita kati ya magari kama kawaida. Mimi naangalia kioo cha kushoto naona ubavu wa kichwa cha gari, naona kona ya mbele ya kabati, lakini ya nyuma yake sioni kitu kwa sababu kabati limetokeza nje kushinda kichwa na vioo bado vilikua vile vya zamani na mikono yao mifupi. Nikasonga mbele kidogo. Nikasikia mtu anapiga bodi na kofi, kofi nyingi za haraka haraka, na Mzee akapiga kelele, "Simama! Simama kabisa!"

Hendeli ya kabati la pili ilikua imeingia kwa mkono wa jaketi ya mwenye boda, ile jaketi ya riflekta. Ilikua imemvuta hatua kama tatu hivi akijaribu kushikilia pikipiki na mkono mmoja. Tungekua tunaenda kasi ya kawaida sitaki hata kumaliza hiyo sentensi. Alikua kijana mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na alipotolewa alikua anatetemeka midomo, hakutukana, hakusema chochote, alikua tu anaangalia mkono wake kama anaangalia kama bado uko. Jaketi ilikua imepasuka kutoka bega mpaka kwa kiwiko. Nilimlipa jaketi na nikampeleka kliniki iliyokua karibu wakamwangalia bega, wakasema ni msuli umevutika. Lakini ule uso sijausahau.

Tukarudi yadi, usiku ushaingia. Mzee hakunilaumu. Akaniambia, "Kijana wangu, hii gari imenenepa. Leta uzi."

Sikuelewa ni uzi wa nini. Kumbe huwezi kupima upana wa bodi vizuri na tepu peke yake, manake tepu haipiti katikati ya gari, na ukiipitisha nyuma unapima mahali pamoja tu, ule mlango wa nyuma, ambapo mara nyingi ndio pembamba. Mzee akachukua uzi wa kujengea, akafunga nati nzito kwa mwisho wake ikawa timazi. Akanituma nihakikishe upepo wa magurudumu uko sawa pande zote na gari imesimama kwa saruji iliyolala sawa. Halafu akaanza kutembea ubavuni akitafuta kitu kilichotokeza zaidi, anaweka uzi juu ya kila kitu, bawaba, hendeli, taa ya pembeni, kichwa cha bolti, tyubu, anaachilia nati ishuke, anangoja itulie, na mimi nikiwa nimechuchumaa na tochi mdomoni naweka alama ya chaki pale chini ncha inaonyesha. Upande wa kushoto alama kumi na moja, upande wa kulia kumi. Tukasongesha gari mbele. Zile alama zilibaki kwa saruji kama nyota, akanifanya nipige mstari mrefu upande huu ukiguza ile alama ya nje kabisa, na mwingine upande ule, na ndipo tukaweka tepu kutoka mstari mpaka mstari.

269.

Nilipima mara nne nikitumaini. Hesabu ilikua wazi: makabati 260, tyubu ya inchi moja ni sentimita 2 na nusu, mara mbili ni 5, hapo ushafika 265 kamili, halafu hendeli zinapita tyubu kwa sentimita 2 kila upande. Sentimita nne juu ya sheria, na zote nne ni za hendeli, kitu ambacho hakikua kwa mchoro wangu hata kidogo. Mzee akanieleza akiwa amekaa kwa ndoo, kwamba huko barabarani mtu akikuja na tepu haulizi bodi yako ni ngapi, anaangalia gari yote inaishia wapi. Alikua ameona trela ikishikiliwa kwa mzani wa Mlolongo sababu ya turubai na kamba zilizofura pembeni, mzigo wenyewe ulikua sawa. Na ukipita hiyo 2.65 unakua gari la mzigo usio wa kawaida, ambalo linahitaji kibali maalum cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na hicho kibali kimewekwa kwa mambo kama transfoma kubwa ama mashine isiyoweza kugawanywa. Hakuna mtu atakupa kibali sababu ya kabati la spana.

Kesho yake nilirudi kwa fundi. Nilikua nimejiandaa kwa maneno makali lakini njiani yakaisha. Nikamwambia vile ilikua, nikamwonyesha picha ya chaki. Aliangalia muda mrefu akasema, "Mkubwa, mimi nilipima bodi. Sikupima hendeli." Na alikua anasema ukweli, mimi ndio sikumwambia hiyo 265 ni ya kitu gani. Tangu hiyo siku sitaji upana kwa fundi kama nambari peke yake, nasema, kutoka ncha ya kitu cha mwisho huku mpaka ncha ya kitu cha mwisho kule, pamoja na bolti, pamoja na taa, pamoja na rangi.

Ile kazi ya kurekebisha ilichukua siku sita na ikanila karibu elfu arobaini ambazo sikua nazo. Tyubu zote mbili zikatolewa na grainda, na ilinihuzunisha kuona ule mshono mzuri ukikatwa. Hendeli za kusimama zikatoka, tukaweka zile za kuzama ndani ya mlango, ambazo unavuta kifuniko kwa vidole na kila kitu kinabaki ndani ya shiti. Hizi ni ghali kidogo na maji ya mvua yanaingia kama hujaweka mpira, kwa hivyo tuliweka mpira na tukatoboa vitundu vidogo chini ili maji yatoke. Taa za pembeni zilikua zimepachikwa juu ya shiti, tukakata matundu tukazizamisha. Bawaba ndio zilibaki nje, tukabadilisha tukaweka ile ndefu ya mlango mzima ambayo kifundo chake kinatokeza sentimita moja tu. Uzi ukarudi. 262.

Leo ningeambiwa nianze upya nisingechora 260. Ningechora 255 ama hata chini, nikijua ya kwamba chuma kinapindwa, mlango unapigwa na mkokoteni, unavimba nje, rangi inaongezeka, na siku moja mtu atataka kuongeza kitu. Hizo sentimita tano nilizokua nang'ang'ania kwa makabati ukweli ni kwamba hakuna hata kitu kimoja kinakaa ndani yazo. Nilipanga spana zote, zikaenea na nafasi ikabaki.

Vioo sasa vina mikono mirefu, na nimeongeza kile kioo kidogo cha duara chini upande wa kushoto. Hii ningeifanya kabla ya kila kitu kingine. Bodi ikitokeza nje ya kichwa cha gari, hata kama iko ndani ya sheria kabisa, dereva anapoteza ule mkanda wa ubavuni ambao boda wanapitia, na Nairobi hiyo ndio njia yao, hawana ingine. Unaweza kua halali na bado uue mtu.

Jambo lingine la upana ambalo mchoro haukuambii ni milango ikiwa wazi. Mwanzoni milango ya makabati ilikua inafunguka kwa pembeni kama ya nyumba, na sisi mara nyingi tunasimama kando ya barabara, kwa hivyo mlango wa kulia ukifunguka unaingia kwa barabara karibu mita moja na fundi amesimama nyuma yake haoni gari inakuja. Tukazigeuza zikawa za kufunguka juu, zinashikiliwa na shokabu mbili ndogo za gesi, na zikiwa wazi zinakua kama kipaa kidogo, unafanya kazi chini yake hata kukinyesha. Vijana wangu walifurahia hiyo kushinda kitu kingine chochote kwa hiyo lori.

Uzito nao. Chuma cha milimita moja kwa mita moja mraba ni kama kilo 7.85, hiyo ni hesabu ya kuweka kichwani ukienda kununua shiti. Sakafu yangu ya shiti ya maua ya milimita 3, ukijumlisha yale maua yake inakuja kama kilo 25 kwa kila mita mraba, na kwa upana wa 2.44 na urefu wa futi 18 ni zaidi ya kilo 330 kabla hujaweka kabati hata moja. Makabati tulifanya geji 16, hiyo ni kama milimita moja na nusu, na nikaona inatosha, fundi alikua anataka milimita 3 kila mahali na ningekubali ningekua nimebeba chuma badala ya mabomba. Jenereta tulikua tumeiweka kushoto, gari ikalala, unaona kabisa kwa macho springi za kushoto zimechoka, tukairudisha katikati. Na kuna siku tuligundua kabati la chini limefunika ile valvu ya kutoa maji kwa tangi la hewa ya breki, mkono hauingii. Ilibidi tukate dirisha dogo. Kabla ya kukubali kabati lolote la chini lala chini ya gari na mkono wako uguse kila kitu ambacho mekanika huguza: valvu, tairi ya spea, kifuniko cha dizeli, betri.

Kwa wenye gari ndogo kama Canter huo uzito una maana nyingine. Zile sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, za 2003, zilisema gari la biashara ambalo uzito wake tupu unapita kilo 3,048 liwe na spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. FRR yangu ilikua juu ya hapo tayari, kwa hivyo kwangu haikubadilisha kitu. Lakini mtu anaweza kuchukua gari iliyokua chini ya hiyo nambari, akaijengea bodi nzito ya makabati, akavuka bila kujua, na ile T.W., yaani uzito tupu, iliyoandikwa kwa mlango inabaki kusema uzito wa zamani. Mimi nilipima lori tupu kwa mzani upya na mchoraji akafuta nambari ya kwanza akaandika mpya.

Upande wa karatasi nilibadilisha aina ya bodi kwa NTSA, wale wanaosajili magari, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na lori ikaenda inspection Likoni Road. Wenye bima pia niliwaambia, manake bodi ikibadilika na hujawaambia, siku ya ajali watakuuliza hii ni gari gani. Siku ya inspection nilikua na uzi kwa mfuko. Sikuuhitaji, kila kitu kilienda vizuri na nikatoka mchana, lakini nilikua nimeshapima asubuhi hiyo hiyo nyumbani, mara mbili.

Mwezi uliopita shemeji yangu akanunua Canter, ile nyembamba iliyotoka Japan. Kichwa chake ni mita 1.69, manake kule Japan gari ndogo za mizigo zikitaka kubaki kwa daraja lao hazifai kupita mita 1.70 na watengenezaji wanajenga mpaka hapo hapo. Anauza gesi na maji ya mitungi mitaa ya Umoja na Kayole. Alikua amesikia nimesema mita 2.65, akanijia na furaha, akasema, "Shemeji, si basi naweza weka bodi ya futi nane, shiti inaingia nzima na bado niko ndani ya sheria."

Nilikaa naye karibu jioni nzima kwa hiyo maneno. Hiyo 2.65 imewekwa kwa barabara, ni ya kila gari mpaka trela, haijui magurudumu yako yamekaa wapi. Canter yake ukiiwekea mita 2.44, bodi inapita kichwa cha gari kwa karibu sentimita 38 kila upande, mitungi ikiwekwa ukingoni inaning'inia nje kabisa ya tairi, na kwa kona ya kwanza yenye shimo gari inataka kulala. Kiwanda kilichounda gari kina kitabu cha wajenga bodi kinachosema ile chasisi inabeba bodi ya upana gani na urefu gani, na hicho ndicho cha kufuata kwanza, sheria ni ukuta wa mwisho tu huko nje. Na kwa vichochoro vya Kayole hata angeweza kuijenga asingeweza kuipitisha.

Tukakubaliana sakafu ya futi 6, hiyo ni mita 1.83, na kitu chochote cha nje kisipite 1.90. Nikaenda naye kwa yule yule fundi wangu. Kabla ya chuma chochote kukatwa tulisimamisha Canter kwa sakafu ya garage, tukatafuta katikati ya chasisi, na nikapiga mistari miwili ya chaki chini, moja kila upande, sentimita 95 kutoka katikati. Nikataka kuanza kumweleza fundi akanishika mkono. "Najua mkubwa. Hata bolti."

Jumamosi iliyopita tulienda kuichukua. Shemeji alikua anataka kupakia mitungi saa hiyo hiyo, tukamwambia angoje. Fundi mwenyewe ndiye aliyeleta uzi, ashaufunga nati yake, akaenda moja kwa moja kwa hendeli ya mlango wa nyuma kushoto, ile imetokeza zaidi, akaachilia. Nati ikazunguka, ikatulia. Shemeji akachuchumaa akaweka kidole katikati ya ncha na mstari wa chaki, na kidole kikaingia chote.